Kabla Hujamvusha Ruti Kwenda Chisenga

Nchelenge, Ijumaa mchana

Mujinga, mwanangu,

Nyumba imebaki kimya. Shangazi zako wamekupeleka kanisani wakuombee safari, na Ruti ameondoka mgongoni mwako chini ya mwavuli. Mimi nimesema kichwa kinaniuma. Haikuwa kweli. Nilitaka kukaa na kalamu mahali ambapo hakuna anayeniita, kwa sababu wiki nzima hii kila ninapofungua mdomo kukuaga, kinachotoka ni amri. Funga hiki. Usisahau kile. Umeonja ule uji? Mtu mwenye hofu anageuka sajini, na wewe umenivumilia bila kununa, jambo ambalo mimi kwa mama yangu nisingeliweza.

Kwa hiyo amri nimeziacha nje ya barua hii. Namna ya kuyeyusha nta unaijua. Namna ya kusaga unga wa zinki unaijua, na mkono wako sasa ni mwepesi kuliko wangu. Kofia nimeshona, mashati ya mitumba ya mikono mirefu, yale ya salaula, nimeyapunguza yakamtosha, yote yako kwenye begi la bluu. Ninachotaka kukuandikia ni kwamba ninaogopa, na ninaogopa nini hasa. Nadhani ukijua umbo la hofu yangu itakusaidia zaidi kuliko orodha.

Ulipokuja kwangu tumbo likiwa kubwa nilifurahi kama mama yeyote. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti, kisha akishaweza kukaa mwenyewe, watu wa mume huja kumchukua yeye na mama yake. Sasa Ruti anakaa bila kushikwa, anapiga sufuria kwa kijiko, na kesho mama mkwe wako anakuja na boti ya kisiwani kuwachukua. Ni haki yake. Angekuwa mtoto mwingine, leo ningekuwa jikoni nikikaanga samaki na kuimba.

Lakini mkunga alipomfuta Ruti na kumwinua, tuliona ni mtoto mwenye ualbino, mweupe mpaka kope. Kisha akasema, kwa wema, “Eh, Mama Mujinga, Mungu ametuletea muzungu.” Wewe uliuliza tu, “Mama, mutoto iko muzima?” Nikakujibu kwamba ni mzima. Ilikuwa kweli, bado ni kweli. Ila kichwani mwangu nilikuwa tayari nimeshasimama ufukweni Chisenga, kwenye ule mchanga usio na mti, saa sita mchana.

Nikueleze, ingawa umenisikia nikieleza mara nyingi. Ndani ya ngozi yangu na yako kuna rangi, na rangi ile haikai ovyo. Inajipanga juu ya kiini cha kila chembe hai kama kofia ndogo, upande wa jua. Miali inayounguza hatuioni kwa macho. Iko inayochoma ngozi ya juu, hiyo utaijua jioni ileile kwa maumivu. Iko inayopenya ndani zaidi, haina maumivu, haina wekundu, na inafanya kazi yake kimyakimya kwa miaka. Mawingu hayaizuii vya kutosha. Mchanga mweupe huirudisha juu ukaipata kidevuni hata ukivaa kofia. Chembe za Ruti hazina kofia. Kila kinachotufikia sisi kikiwa kimechujwa, kwake kinafika kizima.

Ndiyo maana watu wakaniambia, “Wewe una bahati, bibi yake ni mtu wa mafuta.” Ni kweli, maisha yangu yote nimetengeneza mafuta ya ngozi. Na hicho ndicho kinachonitisha, kwa sababu ninajua mafuta yanavyodanganya.

Nilianza Lubumbashi, katika kiwanda kidogo cha sabuni na losheni, diploma yangu bado inanuka wino. Mkubwa wa mchanganyiko alinipa kazi ya kutafuta harufu mpya. Nilichagua mafuta ya ganda la ndimu. Yalinukia usafi, kama nguo zilizotoka kupigwa pasi. Tuliyajaribu kama ilivyopasa: tukapaka mikononi mwa wafanyakazi, tukafunika, tukangoja, tukatazama. Hakuna aliyewashwa. Nilipongezwa, nikanunuliwa fanta.

Kisha wateja wakaanza kurudi. Mama mmoja alikuwa na michirizi myeusi ikiteremka kutoka nyuma ya sikio hadi kifuani, mahali hasa losheni ilipotiririka. Mwingine alikuwa na malengelenge. Ganda la ndimu lina kitu ambacho hakina ubaya kikikaa gizani. Kinangoja mwanga. Kikiupata, kinaichoma ngozi kama maji ya moto, hata ngozi nyeusi kama yangu. Sisi tulikuwa tumejaribu ndani ya nyumba, chini ya taa, kitu ambacho watu wangekivaa sokoni. Hakuna aliyekuwa mzembe, Mujinga. Kila hatua tuliifuata. Swali tu ndilo halikuwa lile.

Vita vilipotuvusha ziwa na kutufikisha huku nikaanza kufundisha shule, nilidhani mambo ya ndimu nimeyaacha ng’ambo. Lakini wewe umekua ukiwaona wanawake wa samaki hapa sokoni Kashikishi. Wakimaliza kupasua na kumwaga dagaa wa chisense kwenye mchanga, wanakata ndimu, wanasugua mikono hadi viwiko kuondoa harufu, halafu wanarudi palepale juani kugeuza dagaa wao mpaka wakauke. Mikono yao ilikuwa na madoa meusi na malengelenge, na wote waliamini ni sumu ya samaki. Nilipowaambia ni ndimu, walinicheka.

“Mwalimu, unataka tunuke samaki mpaka pa kitanda? Bwana atakimbia!”

“We, yako alishakimbia zamani,” mwenzake akamjibu, “na haikuwa juu ya samaki.”

Tulicheka sote. Wengine waliacha ndimu, wengine wakaanza kunawa jioni jua likishazama. Nikajiona nimejua jambo. Mtu aliyejua jambo moja hujikuta anaaminiwa kwa mambo kumi, na mimi sikukataa kuaminiwa.

Ndipo zikaja habari za Yunia. Wewe ulikuwa shule ya bweni, kwa hiyo unalijua jina tu na hukujua yote. Mfanyabiashara mmoja wa samaki aliniambia kuna binti Chisenga, mwenye ualbino, anakausha chisense mchana kutwa, ngozi inamtoka kama ganda la kitunguu. Je, siwezi kumfanyia mafuta? Niliweza. Nilichukua nta ya warina asali wa msituni, mafuta ya alizeti, na unga wa zinki niliousaga kwa mafuta kidogo juu ya kioo mpaka hakuna punje iliyokwaruza kidole. Sikutia maji, kwa makusudi: penye maji huingia vijidudu, na kisiwani nani angeyatunza? Nilipaka tabaka kwenye kioo nikaliinua mwangani. Lilikuwa sawasawa, halina tundu. Unajua ninavyosema siku zote, kwamba zinki iliyoganda mabonge ni kama paa la nyasi lililopangwa na mlevi. Lile halikuwa paa la mlevi. Nilijivunia.

Makopo yakaenda na boti. Yule mfanyabiashara, kwa heshima yangu, hakuyatupa chini pamoja na magunia. Aliyaweka juu kabisa, karibu na injini, chini ya turubai jeusi, ili yasikandamizwe. Chini ya turubai mafuta yaliyeyuka yakawa mepesi kama chai. Na zinki ni nzito. Mafuta yakiyeyuka, unga unazama, polepole, bila kelele. Jioni kulipopoa, nta ikaganda tena. Yunia alipofungua kopo alikuta uso laini unaong’aa, unanukia asali. Lilikuwa zuri kuliko nilivyolifunga.

Akapaka kutoka juu kwenda chini, kama afanyavyo mtu yeyote. Nusu ya juu ilikuwa nta na mafuta tu, zinki yote imelala chini. Na kwa kuwa aliamini amekingwa, yule binti aliyekuwa akijifunika miaka yote alikunja mikono ya shati, akaacha kitambaa cha kichwa, akafanya kazi kama wenzake.

Aliungua mikono, shingo na masikio. Ilipona. Miaka ikapita, kidonda kikaota kwenye sikio lake moja, hakikufunga, na hospitalini ikabidi wakate kipande. Yuko hai. Hakuna daktari anayeweza kusema ni kopo langu, maana kidonda kama kile hujengwa na majua mengi. Wala hakuna anayeweza kusema siyo.

Hapo ndipo hofu yangu inapokaa, Mujinga. Mkate mbovu unaujua mdomoni. Boti mbovu inavuja siku ileile. Ukikosea kusonga bukari, watu wanaiacha sahanini. Lakini mafuta ya jua yakikosea, mtoto anacheka, anacheza, analala vizuri, na kosa linakuja kudai akiwa binti mkubwa, wakati wewe umeshasahau ilikuwa siku gani na kopo gani. Sijui namna ya kumtahadharisha mtu kwa kitu ambacho hakionyeshi chochote.

Utaniuliza: mafuta yako yanazuia kiasi gani? Yale ya dukani yana namba. Namba ile hupatikana kwenye maabara, kwa taa maalumu na ngozi za watu waliokubali kupimwa, mafuta yakiwa yamepakwa mazito kuliko mtu yeyote anavyopaka nyumbani. Yangu hayana namba. Sikuwahi kukuambia hivi waziwazi: sijui yanazuia kiasi gani. Najua zinki inazuia. Najua niliisaga vizuri. Baina ya mambo hayo mawili na shavu la Ruti kuna pengo ambalo nimelijaza kwa kujiamini. Kliniki wakipata yale yaliyopimwa, chukua yale, na usione unamsaliti mama yako.

Kuna hofu nyingine, ambayo sitaiandika kwa kirefu. Kila mama wa mtoto kama Ruti anaijua. Wako watu wanaozunguka kambi za wavuvi wakiuza bahati, na wako wanaoamini bahati hiyo imo katika mwili wa mtoto. Usimwache peke yake: hilo hukungoja mimi nikuambie. Lakini fikiri. Kwa jua haifai aachwe nje, kwa watu hao haifai aachwe mwenyewe, na wewe utakuwa na kazi. Mume wako Mwansa anashinda majini akivua. Utakuwa ukigeuza samaki, ukichota maji, ukipika. Mchana, katika nyumba ile, mtu atakayekuwa na Ruti ni mmoja tu, Bana Mwansa, mama mkwe wako.

Na mimi nimemharibia mtu huyo moyo.

Ulikuwa umelala siku aliyokuja kumwona mtoto, nami nilikusimulia kwa ufupi. Sasa nakusimulia ilivyokuwa. Alifika kutoka bandarini, amebeba furushi la samaki wakavu kichwani na kuku mkononi. Akaweka vyote chini. Kabla hajasema lolote alitoa ndimu kwenye fundo la chitenge, akaiuma, akasugua mikono yake yote miwili, vidole, viganja, mpaka viwiko, ili asimshike mjukuu wake kwa mikono inayonuka samaki. Ilikuwa heshima. Alikuwa ameibeba ndimu ile kutoka kisiwani kwa ajili hiyo tu. Kisha akanyoosha mikono na kumchukua Ruti pale barazani, penye jua la asubuhi.

Nilimpokonya. Sijui neno jingine. Nilimnyakua mtoto kifuani mwake mpaka akalia, nikasema, “Usimuguse!” Na kama vile hilo halikutosha, nikaanza kufundisha. Ganda, mwanga, malengelenge, kiwanda cha Lubumbashi, yote, nimesimama, na yeye amekaa chini mkekani. Alikuwa ameingiza mikono yake ndani ya chitenge kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi. Alikunywa maji, akasema boti inamngoja. Boti haikuwa ikimngoja, maana baadaye walimwona amekaa sokoni mpaka jioni.

Kila nilichosema kilikuwa sahihi. Nimekigeuza kichwani mara nyingi, nikitafuta sentensi iliyokuwa na kosa, angalau niijutie hiyo. Haimo. Nilikuwa sahihi, na kwa usahihi wangu nimemfukuza mtu pekee atakayemfunika Ruti kofia wewe ukiwa kwenye samaki. Hata zinki iliyo bora haifai kitu kama imelala chini ya kopo, na maneno yangu ndivyo yalivyofika kwake. Kilichokuwa juu kilikuwa ukali tu.

Hapa nilikuwa nimekusudia kukuomba uende ukamsemeshe kwa niaba yangu, utafute namna. Nilikuwa naandika hivyo hasa nikasikia mtu anabisha mlangoni. Mujinga, amekuja leo. Boti wamepata ya mchana, hakungoja kesho. Nimeiacha kalamu, na sasa naendelea kuandika yeye akiwa amejilaza kidogo chumba cha nyuma, na ninyi bado hamjarudi. Nakuandikia yaliyosemwa, usije ukasikia ya shangazi zako.

Alisimama kizingitini na furushi lake, hakuingia.

“Mwalimu,” akasema, “leo utanipima mutihani mbele ya kuingia, ao nipite tu?”

Nilimwambia apite. Nilimpa kiti, nikakaa mimi chini. Nikasema niliyokuwa nimeyapanga, kwamba siku ile nilimkosea, kwamba nilimwogopea mtoto na hofu ikanitoa adabu, kwamba anisamehe. Alisikiliza akijipepea na ukingo wa chitenge.

“Miye nilizala batoto saba pa Chisenga,” akasema. “Hakuna moja alikomaa na chimie, hii masomo yako ya madawa.”

“Najua, Bana Mwansa.”

“Ulininyanganya mutoto juu ya ndimu. Muzuri. Nilirudi, nikauliza banawake, nikaona ulisema ukweli. Hiyo nimeacha.” Akaacha kujipepea. “Lakini Yunia ni mutoto ya dada yangu.”

Sikujua. Nakuapia sikujua. Miaka yote hii jina lile lilikuwa kwangu binti fulani wa kisiwani. Wewe umeolewa katika nyumba ile, umeposwa, tumekula mahari yao, na hakuna aliyelitaja.

“Mafuta yako ndio alipaka,” akasema Bana Mwansa, bila kupandisha sauti. “Alinionyesha kopo, alifurahi. Akasema, mama, sasa miye niko sawa na bale bengine. Mikono yangu ulinyanganya mutoto. Ile kopo, nani alikunyanganya?”

Alikuwa anangoja nieleze, nadhani. Anajua kwamba mimi hueleza. Nilisema tu kwamba hakuna aliyeninyang’anya, na kwamba tangu wakati ule sijatuma kopo bila kuogopa.

Kisha akavua viatu, jambo ambalo siku ile hakulifanya.

“Basi niambie kitu moja,” akasema. “Moja, mwalimu. Siyo kumi. Masikio yangu ni mbili tu.”

Unanijua. Mambo yalinijaa mdomoni kama nyuki: mchanga, turubai, saa za jua, midomo, nyuma ya magoti. Nimefundisha darasani nusu ya maisha yangu na hakuna aliyewahi kuniomba kitu kimoja. Nikafikiri kama ningemwona Yunia siku ile anafungua kopo, kabla hajakunja shati, ningemwambia neno gani.

Nikasema, “Ukimpaka Ruti mafuta, fanya kama hukumupaka.”

Alikunja uso. “Namna gani?”

“Shati ibaki. Kofia ibaki. Kivuli ibaki. Kama vile hana mafuta hata kidogo.”

“Sasa mafuta ya nini?”

“Ya siku tutasahau.”

Alicheka, kicheko kifupi cha puani, lakini alicheka. “Kivuli pa Chisenga! Hata imbwa banapanga mulolongo nyuma ya nyumba juu ya kivuli.” Kisha akawa mtu wa kazi. Akasema Mwansa anaweza kuwekea turubai upande wa jikoni. Nikasema turubai jeusi linachemka, afadhali nyasi. Akasema nyasi zinaleta panya. Tulibishana kuhusu panya kwa muda, na ilikuwa raha, nikakiri moyoni kwamba nilikuwa nimemkosa mtu wa kubishana naye.

Kisha akasema, “Dimanche hii, siku ya misa, batu bote banataka kumuona. Nitamubeba mbele ya kanisa, bamuone.”

“Nje?”

“Kanisa haitoshe.”

“Saa ngapi?”

“Misa ikiisha. Saa sita.”

Nilihisi mikono yangu inataka kunyakua hewa. Nikamwambia asubuhi mapema ingefaa, au jioni. Akasema watu wa kambi nyingine watatoka mbali, na mtoto akifichwa, watasema kuna jambo linafichwa, na maneno kama hayo ndiyo yanayowaita wale watu wabaya. Mtoto akionyeshwa na nyanya yake mbele ya wote, kila mtu kisiwani atajua ana mwenyewe. Hana kosa. Kwa hofu yangu ya kwanza amekosea, kwa hofu yangu ya pili amepatia, na sina mizani ya kuzipima. Nikasema, “Basi chini ya paa, tafazali. Hata barazani.”

Akajibu, “Tutaona.”

Hapo ndipo tulipofika. Neno hilo halikuwa ndiyo wala hapana, kisha akaomba mahali pa kujinyoosha. Nilimpa kitanda changu, na sasa namsikia anakoroma.

Sina la kukuhakikishia, mwanangu. Natamani ningekuandikia kwamba nimezungumza naye na mambo yamenyooka. Anajua jambo moja. Sijui kama Jumapili atalikumbuka mbele ya umati unaoimba na kunyoosha shingo. Wewe utakuwepo, na utaona paa liko hatua chache, na utataka kumchukua Ruti kutoka mikononi mwake umkimbize kivulini. Utakuwa sahihi. Nakuomba usimnyakue. Simama karibu naye, mshike mkono, mwongoze kama unayemwonyesha njia mtu anayeijua. Akiaibika mbele ya kisiwa kwa sababu yako, kama alivyoaibika barazani kwangu kwa sababu yangu, atakuachia mtoto wako na jua lako, nawe huna mikono ya kutosha. Ukichelewa kidogo, Ruti atapata jua kidogo, na usiku utamwangalia mashavu kwa taa na hutajua. Mimi pia sitajua. Tutaishi hivyo, wewe kule na mimi huku, mpaka awe na umri wa kuvaa kofia yake mwenyewe.

Nawasikia mnakuja, shangazi yako mkubwa anaimba kupita wote kama kawaida. Barua hii nitaiweka ndani ya begi la bluu, chini ya mashati. Isome ukishafika.

Lakini jambo hili moja nitakunong’oneza kesho bandarini, maana barua itakuwa imefungwa. Watu watakapoanza kupanda botini, mpe Ruti mama mkwe wako ambebe. Usingoje aombe. Mpe mbele ya wanawake wote wa samaki, kwa mikono miwili, kisha wewe shika mizigo. Mimi nitakuwa nimesimama pale pale, na uso wangu hautakuwa mzuri. Usiugeukie. Panda.

Mama yako